Ramadhani, Siku ya 19: Kidole Nacho Kifunge

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu wa msikiti wetu, mlioko mtaani na mlioko safarini mnaotufuata kwa njia hii ya simu, alhamdulillah, leo tumefunga ya 19. Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Bi Aisha (r.a.) ametusimulia kwamba siku hizo zikiingia, Mtume (s.a.w.) alikuwa akikaza shuka yake, akiukesha usiku na akiwaamsha watu wa nyumbani kwake. Nimefurahi kuona watu wanajiandaa. Wapo walioomba ruhusa kazini kwa ajili ya itikafu. Wapo kina mama waliomaliza habari ya nguo za Idi mapema ili usiku wa 21 usiwakute dukani. Allah awalipe.

Mimi leo naomba tuongeze kitu kimoja kwenye maandalizi hayo. Nacho ni kidole gumba.

Tumefundishwa toka madrasa kwamba saumu si ya tumbo peke yake. Jicho linafunga, sikio linafunga, ulimi unafunga. Walimu wetu hawakututajia kidole gumba kwa sababu wakati wao kilikuwa na kazi ya kushika kalamu na kumenya chungwa, basi. Leo mtu anaweza kukaa kimya toka daku mpaka magharibi, hakumsengenya mtu kwa mdomo hata neno moja, na huku kidole chake kimeshapeleka habari za watu kwenye magrupu manne kabla ya adhuhuri. Ukimuuliza, anakwambia alhamdulillah, nimefunga. Ndiyo, tumbo limefunga. Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, ametutahadharisha kwamba mtu asiyeacha maneno ya uongo na kuyafanyia kazi, Allah hana haja na huko kuacha kwake chakula na kinywaji.

Sasa kabla hamjasema ustadhi anaipiga vita simu, subirini kidogo. Simu hii ndiyo inayomfanya babu aliyeko Muscat amuone mjukuu wake aliyezaliwa Tanga. Kwa simu hii kijana wa bodaboda anamtumia mama yake kijijini hela ya futari bila kupanda basi. Mgonjwa akihitaji damu, tangazo linafika kwa watu mia tano ndani ya robo saa, na wenye kundi hilo wanatoka. Na haya unayoyasoma umeyapata kwa simu. Hiyo ni neema, na neema haitupwi. Neema inashukuriwa, na kushukuru ni kuitumia pale anapopenda aliyeitoa.

*"Mimi nimefowadi tu"*

Wiki ya kwanza ya mwezi huu ilizunguka sauti moja kwenye magrupu ya huku kwetu. Wengi mliisikia. Ni sauti ya dakika moja na kidogo, mtu anaongea kwa uchungu, anawaonya Waislamu wasinunue futari kwa mama mmoja wa kando ya barabara, kwamba anakaangia mafuta machafu na watu wameugua. Jina halikutajwa. Lakini ilipofika kwetu ilikuwa na maandishi chini yake: "Ni yule wa pale kona." Maneno matano.

Nayaeleza haya kwa idhini ya mwenyewe. Mama yule ni mjane. Ramadhani ndiyo msimu wake, na anachokipata mwezi huu ndicho kinacholipa ada za watoto na kodi ya chumba. Siku ya tatu baada ya ile sauti alirudi nyumbani na sufuria ya mihogo kama alivyotoka nayo. Siku ya nne akapika nusu. Siku ya tano hakupika. Akaja msikitini na jirani yake, wakakaa barazani upande wa kina mama, akaniuliza: "Ustadhi, mimi niende kwa nani? Kila ninayemfuata ananiambia yeye amefowadi tu."

Wazee wa msikiti wakaifuata ile sauti, mtu mmoja baada ya mwingine. Huyu kaipata kwa yule, yule kaipata kwenye grupu la harusi, la harusi limeipata kwa wazazi wa shule. Mwisho ikaonekana ni sauti ya mwaka juzi, ya mji mwingine kabisa, inamzungumzia mtu mwingine kabisa. Mafuta ya mama yetu yameonekana, mihogo yake imeliwa, hana tatizo lolote. Na yale maneno matano, "ni yule wa pale kona," mpaka ninavyoandika hayana mwenyewe. Kila aliyeulizwa anasema aliyakuta.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mtu mmoja mwongo asingeweza kuifunga biashara ya mama huyu. Angekwenda kijiweni akasema, watu wangemtazama usoni, wangemuuliza wewe umejuaje, na habari ingefia pale pale kwenye kahawa. Ili sufuria ile irudi imejaa, walihitajika watu wengi, na wengi wao ni watu wema, wanaoswali, waliofunga, waliodhani wanawaokoa wenzao na maradhi. Kila mmoja alibeba kipande kidogo. Na kwa kuwa kipande ni kidogo, hakuna aliyehisi uzito. Uzito wote ulihisiwa na mtu mmoja, yule mwenye sufuria.

Kwa hiyo hili neno "nimefowadi tu" lazima tulipime kwa dini, tusilipime kwa mazoea. Imam Muslim ametupokelea mwanzoni mwa Sahihi yake kwamba Mtume (s.a.w.) amesema inamtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila alichokisikia. Angalieni hapo. Hakuzungumziwa mtu anayetunga. Amezungumziwa mtu anayesikia na kupitisha, bila kuchuja. Kwenye masikio yetu, mwongo ni aliyetunga. Kwenye hadithi hii, hata mpitishaji yumo.

Na iko hadithi ya Samura bin Jundub (r.a.), katika Bukhari, ambayo zamani ilikuwa ikinipa shida kuwafundisha wanafunzi. Mtume (s.a.w.) alioneshwa usingizini watu wanaoadhibiwa, mmoja wao anapasuliwa mdomo kuanzia pembeni mpaka kisogoni, upande mmoja ukipona unapasuliwa wa pili. Akaelezwa kwamba huyo ni mtu anayetoka nyumbani kwake asubuhi, akasema uongo, ukaenea mpaka pembe za dunia. Wanafunzi walikuwa wakiuliza: ustadhi, uongo wa mtu mmoja aliyetoka asubuhi unafikaje pembe za dunia? Siku hizi hawaulizi tena.

*Walivyoipokea*

Jambo hili lilikwisha ukumba mji wa Mtume (s.a.w.) wenyewe, na Allah (s.w.t.) akaliteremshia aya ambazo tunazisoma mpaka Kiyama. Nalo ni tukio la Ifki, katika Suratun Nur kuanzia aya ya 11.

Mnakijua kisa. Msafara unarudi kutoka kwa Bani Mustaliq. Bi Aisha (r.a.) ametoka kambini kwa haja yake, mkufu wake ukapotea, akarudi kuutafuta. Watu wakaondoka wakidhani yumo ndani ya kiti chake juu ya ngamia. Safwan bin Mu'attal (r.a.), aliyebaki nyuma, akamkuta, akampandisha ngamia wake, akamwongoza kwa miguu mpaka wakaufikia msafara. Hilo ndilo tukio lenyewe. Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, akalitia sumu, na maneno yakaanza kutembea Madina.

Yametembea mwezi mzima. Bi Aisha alikuwa mgonjwa, hana habari. Aliona tu kwamba mumewe (s.a.w.) hampi ule upole aliouzoea anapougua. Mji mzima unajua, na mwenye kusemwa ndiye wa mwisho kujua. Alipoambiwa, alilia mpaka wazazi wake wakadhani kilio kitampasua ini.

Sasa tazama watu watatu ndani ya kisa hicho, halafu ujiulize wewe ungekuwa nani.

Wa kwanza ni Mistah bin Uthatha. Huyu si mnafiki. Ni mtu aliyepigana Badr, na ni ndugu wa Abubakar (r.a.) ambaye alikuwa akimlisha. Hakutunga neno. Lakini alikuwamo miongoni mwa waliolibeba, na kwenye mapokezi ametajwa miongoni mwa walioadhibiwa. Kwa hiyo kuwa mtu mwema hakukumlinda.

Wa pili ni Abu Ayyub al-Ansari (r.a.). Mkewe alimletea habari, je, amesikia wanayoyasema watu? Hakumwambia hebu nisimulie. Alimuuliza mkewe kama yeye angeweza kufanya jambo kama hilo. Mke akasema hapana, wallahi. Akamwambia basi Aisha ni bora kuliko wewe. Habari ikafia ndani ya nyumba ile, kati ya mume na mke.

Wa tatu ni Bi Zaynab bint Jahsh (r.a.). Huyu alikuwa mke mwenza wa Bi Aisha, na ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa nafasi mbele ya Mtume (s.a.w.). Angetaka kumwangusha, nafasi aliipata, tena aliulizwa na Mtume mwenyewe. Akajibu kwamba yeye analihifadhi sikio lake na jicho lake, na hajui kwa Aisha ila kheri. Hata dada yake alikuwamo kwenye waliosema, yeye hakumfuata dada.

Halafu aya ya 15 inawasema waliolibeba. Mtu hupokea habari kwa masikio, si ndiyo? Lakini aya inasema waliipokea kwa ndimi zao. Yaani habari haikupumzika. Ilipofika tu ilikuwa imeshatoka, haikupita kwenye akili, haikupita kwenye moyo. Wakasema kwa vinywa vyao wasiyoyajua, wakidhani ni jambo jepesi, na mbele ya Allah ni kubwa. Ndugu yangu, je, si ndivyo tunavyozipokea sisi kwa kidole gumba? Sauti ya dakika moja na kidogo, mtu kaipitisha ndani ya sekunde kumi. Ameisikia lini?

Ukiendelea na sura hiyo hiyo, aya tisa mbele, aya ya 24, Allah anatukumbusha siku ambayo ndimi na mikono na miguu vitawatolea watu ushahidi kwa waliyokuwa wakiyatenda. Ndimi tunaelewa. Na mkono nao umetajwa. Kidole gumba kiko kwenye mkono.

*Video iliyokatwa mwisho*

Msidhani haya ni ya huku kwetu tu, wala kwamba hasara yake ni mihogo kulala. Mwaka 2018 nchini India zilienea kwenye WhatsApp habari za wezi wa watoto. Mojawapo ya video zilizozunguka ilionesha watu kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani. Video ile ilitengenezwa Karachi, Pakistan, kwa ajili ya kuwaelimisha wazazi wawe macho na watoto wao. Mwisho wake wale wa pikipiki wanamrudisha mtoto na kuonesha bango lenye maelezo. Mtu akaukata ule mwisho, akaiachia. Waliotazama wakaona mtoto anaibiwa, wasimuone akirudishwa.

Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, maskini watano waliokuwa wakipita kuomba walishukiwa kuwa wezi wa watoto. Umati ukawapiga mpaka wakafa. Hakuna mtoto waliyemuiba.

Mwezi huo huo WhatsApp ikaanza kuweka alama kwenye ujumbe uliofowadiwa, na India ikawekewa kikomo cha sehemu 5 kwa mkupuo mmoja. Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima, kabla yake ilikuwa 20. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe ambao umeshapita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, ukawa unapelekwa sehemu moja moja tu. Mwezi huo huo kampuni ikatangaza kwamba jumbe za aina hiyo zimepungua kwa asilimia 70.

Nataka tuelewe maana ya punguzo hilo. Watu hawakukatazwa kufowadi. Aliyetaka kupeleka magrupu matano bado aliweza, ila abonyeze mara tano. Na kwa usumbufu huo mdogo tu, sehemu kubwa ikafia njiani. Maana yake ni kwamba mengi tunayoyatuma hatuyajali hata kiasi cha kubonyeza mara ya pili. Tunayatuma kwa sababu kidole kiko karibu.

Kampuni ya biashara imeona haja ya kuweka breki. Muislamu breki anayo toka zamani, Suratul Hujurat aya ya 6: akitujia mtu asiyeaminika na habari, tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutokujua, kisha tukajuta kwa tuliyoyatenda. Na Suratun Nisaa aya ya 83 imewalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu wanalitangaza pale pale, badala ya kulirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wale wanaoweza kulichambua. Habari ya chakula kibaya ina wenye mamlaka: bwana afya yupo, serikali ya mtaa ipo. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwao. Wote tulikwenda kwenye grupu.

*Na zile za dini je?*

Hapa watu wengi hujiona wako salama. Ustadhi, mimi umbea sifowadi, mimi natuma za dini tu. Ahsante, lakini tuzitazame nazo.

Kila mwaka kabla ya mwandamo unaletewa ujumbe unaosema kwamba Mtume (s.a.w.) ameahidi kuepushwa na moto kwa atakayekuwa wa kwanza kuwapa watu habari ya kuingia Ramadhani. Hauna asili katika vitabu vya hadithi. Kila mwaka unazunguka. Unajua uzito wake? Kumsingizia Mtume (s.a.w.) neno si sawa na kumsingizia jirani. Hadithi iliyopokewa kwa njia nyingi sana, na iko Bukhari na Muslim, inasema anayemsingizia kwa makusudi ajiandalie makao yake motoni. Wewe hukukusudia, sawa. Lakini ukishaambiwa kwamba si hadithi, na mwakani ukaituma tena, hapo utasemaje?

Wazee wenzangu wanaukumbuka pia wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa Msikiti wa Mtume Madina, eti ameota ndoto, na anayeunakili na kuugawa atapata mali, anayeupuuza atapata msiba. Zamani ulikuja kwa karatasi za fotokopi, sasa unakuja kwa simu. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, Allah amrehemu, aliuandikia waraka maalumu kuubainisha kwamba ni uongo. Waraka umekuwapo miaka mingi, na wasia bado unatembea. Ujumbe wowote unaokwambia tuma kwa watu 10 utapata habari njema kesho, usipotuma utaona, huo ufute. Rizki yako na msiba wako havikuwekwa kwenye orodha ya namba za simu.

*Maswali matatu*

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nawapa kazi ya darasani. Kabla kidole hakijabonyeza, jiulize maswali matatu. Yaandike ukipenda, uyabandike nyuma ya simu.

La kwanza: *Najua?* Si nimesikia, si nimeletewa, si yeye mwenyewe kasema kwenye sauti. Najua? Umetazama mpaka mwisho? Ni ya lini? Ni ya wapi? Kama jibu ni sijui, ujumbe ubaki hapo hapo ulipo. Hakuna anayepata dhambi kwa ujumbe aliouacha bila kuupeleka.

La pili: *Ana haki ya kujua ninayempelekea?* Kuna mambo ya kweli kabisa na bado si yako kuyasema. Binti wa watu ameteleza, picha zimetoka, ni za kweli. Sasa wewe unazipeleka kwa nani, na atazifanyia nini? Kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, ikiwa ni kweli ndiyo kumsengenya, na ikiwa si kweli ni kumzulia. Huo ndio ufafanuzi wa Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Muslim. Ukweli wa picha haukuhalalishii. Na ukimsitiri Muislamu, Allah atakusitiri duniani na akhera. Nani kati yetu hahitaji kusitiriwa?

La tatu: *Ningeweza kulisema mbele yake?* Mfikirie amesimama hapo na sufuria yake. Ungeyasema? Kama usingeweza kuyasema machoni pake, basi usiyapeleke nyuma ya mgongo wake.

Na ninyi maadmini wa magrupu, kwenu kuna la ziada. Mmefungua mlango, mna ufunguo. Ukiona kitu cha shaka kimeingia kwenye grupu lako, una uwezo wa kukifuta na kumshika mkono aliyekileta, kwa adabu, faraghani. Ukinyamaza kikaenda, usiseme mimi nilikuwa sichangii.

*Deni kabla ya kumi la mwisho*

Sasa tufike kwenye jambo zito, nalo ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kusubiri.

Katika usiku huu kumi tutaomba msamaha sana. Dua ya msamaha ndiyo aliyofundishwa Bi Aisha kwa ajili ya Laylatul Qadr. Lakini wanazuoni wametufundisha kwamba toba ya jambo lililo baina yako na Mola wako ina sharti tatu: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia. Jambo likiwa na haki ya mwanadamu ndani yake, linaongezeka sharti la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake. Unaweza kukesha mpaka alfajiri machozi yakilowesha mswala, na haki ya yule mama bado iko mfukoni mwako.

Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba kama wanamjua muflisi, wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaeleza kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Kiyama na swala na saumu na zaka, na huku amemtukana huyu, amemzulia huyu, amekula mali ya huyu. Basi huyu atapewa katika mema yake, na huyu atapewa, na yakimalizika kabla madeni hayajaisha, atabebeshwa dhambi zao. Iko katika Sahih Muslim. Imetajwa saumu humo, ndugu yangu. Siku 19 za kiu hii ya jua kali, thawabu zake zikahamie kwa mtu mwingine kwa sababu ya kubonyeza mara moja?

Basi tulipe mapema. Na kulipa kwa jambo la simu kuna njia yake.

Kwanza, futa. Kama bado inawezekana kufuta kwa wote, futa kwa wote. Kama haiwezekani, futa kwako.

Pili, sahihisha pale pale ulipoharibu. Kama ulituma magrupu manne, sahihisho liende magrupu hayo hayo manne. Usitoe sahihisho kwenye grupu moja la watu wako wa karibu. Na useme wazi: ile habari niliyoituma tarehe fulani si kweli, mimi niliituma, naomba radhi. Usiandike kwa kuzungusha. Utaona aibu. Aibu ya hapa ni nyepesi kuliko ya kule.

Tatu, mwendee mwenyewe kama habari imemfikia na imemuumiza. Muombe radhi. Na kama habari haikumfikia kabisa, na unaogopa kwamba kumwendea kutawasha moto mpya, wapo wanazuoni waliosema muombee dua na umtaje kwa wema mahali pale pale ulipomtaja kwa ubaya.

Nne, kama ametiwa hasara, saidia kuiziba. Mama yetu ameanza kupika tena toka juzi. Yuko pale pale kona, baada ya alasiri. Aliyeifowadi ile sauti na akaja kununua futari kwake siku hizi zilizobaki, huyo ameanza kulipa. Na asiyeifowadi akaja, amepata sadaka.

Na kwa ndugu zangu mlioumizwa, mama huyu na wengine ambao visa vyenu havijanifikia, nanyi mna aya yenu. Baada ya Bi Aisha kutakaswa, Abubakar (r.a.) aliapa kwamba hatamlisha tena Mistah. Ni haki yake, binti yake amechafuliwa. Ikateremka aya ya 22 ya sura hiyo hiyo, wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa na maskini na waliohama katika njia ya Allah, wasamehe na wapuuze, kwani hawapendi Allah awasamehe wao? Abubakar akasema anapenda, wallahi, na akarudisha posho ya Mistah. Akija mtu mlangoni kwako usiku huu kukuomba radhi, mkumbuke Abubakar.

*Kazi ya usiku wa leo*

Bukhari amepokea kutoka kwa Ubada bin Samit (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka kuwaeleza watu Laylatul Qadr ni usiku gani. Akakuta Waislamu wawili wanagombana, na ile elimu ikaondolewa. Akasema huenda ni kheri kwenu, itafuteni. Ugomvi wa watu wawili tu. Sisi tunaoingia kuutafuta usiku huo, magrupu yetu yana magomvi mangapi?

Kwa hiyo leo baada ya tarawehe, kabla ya kulala, fungua simu yako. Usiifungue kutafuta jipya. Rudi nyuma, toka mwandamo mpaka leo, upitie ulichokituma. Grupu moja baada ya lingine. Kila utakapokuta jina la mtu au habari ya mtu, simama, ujiulize yale maswali matatu. Utakapokuta deni, anza kulilipa usiku huo huo. Itakuchukua nusu saa, pengine chini ya hapo. Kesho jioni uingie msikitini mkono wako ukiwa mwepesi.

Na haya niliyoyaandika nayo, ukitaka kuyapeleka mahali, yasome kwanza mpaka mwisho, na aya na hadithi nilizozitaja zihakikishe kwa mwalimu wako. Sitakasirika.

Ewe Mola wetu, tulindie ndimi zetu na mikono yetu. Ewe Mola wetu, wasitiri tuliowafichua, wape heshima tuliowavunjia heshima, warudishie rizki tuliowakatia rizki, na utupe sisi ujasiri wa kuwaomba radhi kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu, zisiende kwa wengine kwa makosa yetu. Tufikishe Laylatul Qadr na nyoyo zetu zikiwa safi baina yetu. Wewe ni Msamehevu, unapenda kusamehe, basi tusamehe. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Imamu wenu

(Wanaoingia itikafu wajiandikishe kwa katibu wa msikiti kabla ya magharibi ya kesho. Tutaweka sanduku la kuhifadhia simu pale mlangoni kwa atakayependa kuiacha. Hakuna atakayelazimishwa.)